Mapukutiko ya Fredericton: barua kwa Mama Salma

Fredericton, New Brunswick, Kanada

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi kutoka huku, na wote nyumbani uwasalimie. Kwa kuwa mnafika Septemba, nimeona nikuandikie mapema juu ya miezi mitatu ya mwanzo. Wageni wengi wakifika hujifungia ndani wakiogopa theluji ambayo bado haijaja, na msimu mzuri kuliko yote, huu wa mapukutiko, majani yanapogeuka rangi na kuanguka, ukawapita. Wewe panga hivi: Septemba na Oktoba tokeni nje, mambo ya ndani yasubiri Novemba.

Kwanza mavazi. Septemba mwanzoni mchana hufika nyuzi 20, utadhani uko Arusha. Oktoba mchana ni kama 13, na usiku hushuka karibu na 2. Novemba usiku ni chini ya sifuri. Wengi hukimbilia kununua koti moja zito na kulivaa Oktoba. Asubuhi linafaa, adhuhuri unatoka jasho, na jioni jasho likipoa ndipo baridi inapokuingia mwilini. Vaa nguo tatu juu ya nyingine: ya ndani isiyo ya pamba, maana pamba hushika majimaji, sweta, halafu koti jepesi lisilopitisha upepo wala mvua. Watoto wafundishe kuvua wenyewe wakisikia joto.

Upepo utaujua ukivuka Daraja la Bill Thorpe, lililokuwa la reli na sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli. Lina zaidi ya nusu kilomita juu ya Mto Saint John, ambao wenyeji wa asili wanauita Wolastoq. Livukeni alasiri moja katika wiki mbili za mwanzo za Oktoba, wakati miti ya kingo zote mbili imebadilika rangi. Siku zikifupika, jani huacha kutengeneza ukijani, na umanjano uliokuwa umefichwa humo hutokeza. Wekundu ni habari nyingine: jani lenyewe huutengeneza wakati huo kwa sukari iliyobaki ndani yake. Ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha hutoa wekundu mkali, hasa kwenye ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Siku mbili za mvua na upepo zaweza kuangusha yote, kwa hiyo ukiona imeiva, nenda siku hiyohiyo.

Odell Park ni msitu ndani ya mji, na njia zake ni nzuri kwa watoto. Tatizo ni kupe. Hawalali mpaka baridi ishuke chini ya nyuzi 4 hivi, na baadhi yao wakiuma hueneza ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria. Ingizeni suruali ndani ya soksi, na mkirudi kagua nyuma ya magoti, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Ukimkuta kupe ameng'ang'ania, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha wala kumpaka mafuta. Nje ya mji msimu huu ni wa uwindaji. Yeyote anayeingia porini avae rangi ya chungwa iliyokolea.

Kings Landing msiikose. Ni kijiji cha makumbusho, kilomita kama 35 magharibi ya mji, chenye nyumba za karne ya 19 zilizohamishwa zilipokaribia kufunikwa na maji ya bwawa la Mactaquac. Wafanyakazi huvaa na kufanya kazi kama watu wa enzi hizo. Hufungwa karibu na katikati ya Oktoba na basi la mji halifiki, basi tafuta mwenye gari mapema.

Jumamosi asubuhi ni ya Soko la Boyce, mtaa wa George. Fika kabla ya saa tatu, maana baadaye hakuna pa kupita. Utashangaa foleni ndefu kuliko zote ni ya sambusa! Watu wa mji huu huzila asubuhi na kahawa. Uliza za mboga. Chukua fedha taslimu kidogo kwa wauzaji wasiopokea kadi. Tufaha za aina ya Cortland hazigeuki rangi haraka zikikatwa, kwa hiyo zinafaa kwa vyakula vya watoto wa shule. McIntosh ni tamu mbichi, ila ukizipika huvurugika zote.

Maboga ndiyo yanayodanganya. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yaliyopangwa nje ya kila duka ni ya kuchonga sura. Yana maji na nyuzinyuzi. Kwa maboga ya nazi nunua dogo la kupikia, la kilo moja na nusu hivi, zito kwa ukubwa wake, lenye kikonyo kikavu. Toa mbegu, menya, kata vipande vya sentimita 4. Tia sufuriani na maji nusu kikombe tu, kwani boga lenyewe hutoa maji, funika dakika 12 au 15 mpaka kisu kipenye. Hapo ndipo utie kopo moja la tui la mililita 400, sukari vijiko vitatu, iliki iliyopondwa na chumvi kidogo sana. Moto uwe mdogo na sufuria iwe wazi; tui likichemka kwa nguvu hukatika na boga likageuka uji. Epua likiwa bado na rojo la kutosha, maana likipoa huzidi kukaza.

Tarehe 30 Septemba watoto huvaa fulana za rangi ya chungwa kuwakumbuka watoto wa wenyeji wa asili waliopelekwa shule za bweni kwa nguvu. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya shukrani. Maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunueni chakula mapema. Tarehe 31 jioni watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Taa ya kibaraza ikiwaka, karibu, ikizimwa, piteni. Nunua vazi pana la kuvaliwa juu ya koti, na soma pakiti za peremende laini, kwa kuwa jelatini yake mara nyingi ni ya nguruwe.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma saa moja. Magharibi ya mwisho wa Septemba huingia baada ya saa moja usiku; wiki hiyo ya Novemba itaingia saa kumi na moja jioni. Tofauti na nyumbani, iliyokuwa saa sita, inakuwa saba. Mwambie mama mapema, asije akakaa anangoja simu.

Hapo ndipo uende Beaverbrook Art Gallery, jumba la sanaa la mtaa wa Queen, iliyofunguliwa 1959. Nenda moja kwa moja kwenye picha ya Santiago El Grande ya mchoraji Salvador Dalí, ya mwaka 1957, yenye urefu wa zaidi ya mita 4. Isogelee na uinamishe magoti: farasi mweupe ananyanyuka juu yako na kwato zake, kwa sababu mchoraji ameliweka jicho la mtazamaji chini kabisa. Kisha tafuta kwenye kona ya chini kulia mwanamke aliyejifunika nguo anayekutazama wewe. Ni Gala, mke wa mchoraji. Watoto wape muda wa kukaa sakafuni. Picha hiyo moja inatosha kwa siku ya kwanza.

Hita za ukutani ziwasheni kabla hamjazihitaji, zikiwa zimefutwa vumbi, la sivyo nyumba nzima itanuka kuungua. Pazia na kochi vikae mbali nazo.

Kwenye sanduku weka iliki ya kutosha na kanga mbili tatu. Nyama na matunda mabichi acha, na chakula chochote kitaje forodhani. Nitumie namba ya ndege mkishakata tiketi.

Rafiki yako,
Mama Idi