Vishikwambi viko stoo, simu yangu ndiyo inayofundisha

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne katika shule ya umma huku Likoni. Mkabala na darasa langu pana stoo yenye mlango wa chuma na kufuli mbili. Ndani mna vishikwambi vya ule mradi wa serikali wa 2016, vilivyoletwa kwa ajili ya darasa la kwanza. Watoto wa darasa la kwanza la mwaka huo walifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, ile ya mwisho, wakaenda zao sekondari. Vishikwambi havijaenda popote. Kufuli moja ililiwa na chumvi ya bahari hadi fundi akaitwa kuikata.

Mwezi uliopita tulivihesabu. Vingi havikuwaka hata baada ya kutiwa chaji kutwa nzima. Betri ikikaa tupu miaka na miaka, ndiyo imekwenda. Viwili vimevimba mgongo. Simlaumu mwalimu mkuu. Kifaa kikiibwa, yeye ndiye wa kwenda kuandikisha taarifa polisi. Nasi walimu tunahofia kulipishwa mtoto akikiangusha. Basi dawa ikawa kufuli.

Miye natumia simu yangu. Nina mvulana mmoja, hodari wa hesabu, lakini akisoma Kiswahili huenda mbio kama matatu ya Ukunda: nukta haoni, koma haoni. Nimemwambia apunguze mwendo hadi nimechoka. Siku moja nikamrekodi akisoma aya moja, kisha nikamsikilizisha. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mwalimu, mbona nakimbia hivi? Nani ananifukuza?"

Akakifungua kitabu mwenyewe, hakuambiwa, akaanza upya, na kila akifika kwenye nukta ananitupia jicho. Tangu hapo nina foleni kila mchana. Watoto hamsini na wanane, simu moja, na simu hiyo hiyo ndiyo ya M-Pesa na ya kumjulia mama hali.

Projekta nayo tuliijaribu mara moja. Soketi iko ofisini tu, kwa hiyo waya tuliupitisha dirishani. Jua likatuzidi, ukutani hakuonekani kitu. Wasichana wakaenda kuazima leso kwa majirani, tukaziba madirisha. Joto lake, usiniulize! Lakini walipoona kunde ikipasuka na kutoa mche kwa sekunde chache, wakati zao za kwenye mkebe zimewachukua siku kadhaa wakizichungulia, hakuna aliyelalamika. Walitaka irudiwe. Tukairudia mara nne.

Sasa nasikia watu wakidai vifaa vipya. Vya kazi gani, ikiwa vitaishia stoo ile ile? Vile vinavyowaka bado turuhusiwe kuvichukua asubuhi kwa sahihi na kuvirudisha saa tisa. Kila darasa lipate soketi yake. Na kishikwambi kikiharibika mikononi mwa watoto wanaosoma, kihesabiwe kama chaki iliyoisha, asitafutwe mwalimu wa kukilipa.

Muhula ujao nimeomba sita tu. Watoto tisa au kumi kwa kimoja si haba. Daftari la sahihi nimelinunua mwenyewe, lipo mezani kwangu.

Mwalimu wa Gredi ya Nne,
Likoni, Mombasa