Majibu ya maabara yaambatane na mchoro wa kisima

Ndugu Mhariri,

Kila linapozuka swali kama tangi la mafuta lililofukiwa ardhini linavuja, mmiliki hutoa karatasi ya maabara inayoonyesha kuwa maji ya visima vya uchunguzi, yaani vile vinavyochimbwa karibu na tangi ili kupima maji ya ardhini, ni safi, na mjadala huishia hapo. Naomba nafasi nieleze kwa nini mamlaka za mazingira hazipaswi kuipokea karatasi hiyo bila mchoro unaoonyesha jinsi kisima chenyewe kilivyojengwa.

Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji. Zikivuja hupenya udongo hadi zikute maji ya ardhini, kisha hutandaa juu yake. Kwa hiyo sehemu yenye matundu ya bomba la kisima, ambayo maji huingilia, haina budi kuanzia juu ya kina ambacho maji hufikia wakati wa masika na kuishia chini ya kile cha kiangazi. Matundu yakianzia mita mbili tatu chini ya uso wa maji, mafuta yanayoelea hayataingia kisimani, na sampuli itaonekana safi huku tangi likiendelea kuvuja. Wachimbaji waliozoea visima vya maji ya kunywa hufanya kosa hili kwa nia njema kabisa, kwa kuwa katika kazi yao maji ya juu ndiyo yanayokwepwa. Hakuna mashine ya maabara inayoweza kuligundua.

Idadi na mahali pa visima navyo vina uzito, kwani bila visima angalau vitatu visivyo katika mstari mmoja, ambavyo vimo vyake vimepimwa na mpima ardhi, hatuwezi kujua maji yanaelekea upande gani. Aidha, nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa shimo inapaswa kuzibwa kwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, juu ya mchanga wa chujio unaozunguka matundu. La sivyo, mafuta yaliyomwagika juu ya ardhi yatateremka humo na tangi lisilo na hatia litalaumiwa.

Uchukuaji wa sampuli nao unataka subira. Maji yaliyotuama bombani huondolewa kwanza, au pampu huendeshwa polepole mpaka joto, pH (kipimo cha uasidi) na upitishaji umeme wa maji vitulie. Benzeni, kemikali yenye sumu iliyomo katika petroli, hugeuka mvuke upesi, hivyo kichupa cha mililita 40 hujazwa pasipo kuacha hata kiputo, kisha huhifadhiwa kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Kiwango elekezi cha benzeni cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 tu kwa lita, kiasi ambacho uzembe mdogo unatosha kukificha.

Napendekeza basi kwamba kila ripoti iwe na mchoro wa kisima, kina cha maji siku ya sampuli, na fomu ya makabidhiano hadi maabara. Aliyechimba vizuri anazo nyaraka hizo tayari.

Wako,
Msomaji