Harambee ya Mizani ya Kupimia Mtu Akiwa Kitini

Ndugu, jamaa na majirani zetu wa Mombasa,

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alipimwa uzito kwenye mizani ya magunia, sokoni Kongowea. Vijana wa mizigo walimpandisha na kiti chake cha magurudumu, wakasoma kilo, kisha wakakipima kiti peke yake na kutoa. Walimfanyia kwa heshima, Mungu awalipe. Lakini hakwenda huko kwa kupenda. Kliniki anayohudhuria ina mizani ya kusimama tu, naye hajasimama tangu ajali.

Kikundi chetu hapa Kisauni ni cha watu walioumia uti wa mgongo. Wapo waliopata ajali za bodaboda, yupo aliyeangukiwa na mzigo kazini, na mimi katibu wenu nilianguka mnazini.

Nilipotoka hospitali mamangu alinilisha kwa mapenzi yake yote. Asubuhi mahamri kwa mbaazi, mchana wali wa nazi, na kila mgeni aliyekuja kunitazama aliletewa chai ya maziwa, nami nikanywa naye. Tuliamini kushiba ndiko kutakakorudisha nguvu. Hakuna aliyetueleza kwamba misuli isiyofanya kazi husinyaa, na kwamba misuli huunguza chakula hata mtu akiwa amelala. Ikipungua, mafuta hushika nafasi yake, hasa ndani ya tumbo, na hayo ndiyo yanayokaribisha kisukari na maradhi ya moyo. Wataalamu hukadiria kalori 28 hivi kwa siku kwa kila kilo ya aliyepooza miguu, na 23 hivi kwa aliyepooza mikono na miguu. Mwenye kilo 60 basi ni kama kalori 1,680, au 1,380. Mimi nilikuwa nikizimaliza kabla ya adhuhuri.

Na macho hudanganya. Miguu imekuwa kama fimbo, watu wanakuhurumia, "umekonda, kula." Hata ile hesabu ya uzito kwa urefu (BMI, yaani kilo zako ukizigawa kwa urefu wako wa mita, kisha ukagawa tena kwa urefu huo huo) haitufai ilivyo. Kwa watu wengine unene wa kutia hofu huanzia 30. Kwetu sisi watafiti wamependekeza 22. Kilo zikizidi, mabega ndiyo yanayoumia, maana ndiyo tunayojiinulia kutoka kitini hadi kitandani. Na mke au dada anayekunyanyua, mgongo wake pia ni mgongo.

Tena si suala la kujinyima tu. Mwenye kidonda cha kukalia anahitaji protini zaidi ili nyama iote: mayai, samaki, pojo, maziwa. Ukimpunguzia chakula ovyo, kidonda hakifungi. Kwa hiyo kila mmoja anahitaji hesabu yake, na hesabu huanza na kilo.

Tunaomba mtusaidie kufikisha shilingi 240,000. Sisi wenyewe tumeshachanga 61,000. Sehemu kubwa itanunua mizani ya bapa, ambayo kiti hupanda bila mtu kubebwa. Nyingine itamlipa mtaalamu wa lishe aje mara moja kwa mwezi, mwaka mzima, na itakayobaki ni chakula cha wenye vidonda. Mizani itakaa kwenye ukumbi wa madrasa iliyotukubalia, ambao mlango wake hauna ngazi. Anayetoka Likoni, Changamwe au Mtwapa aje apimwe, awe mwanachama asiwe, bila malipo.

Anayekwenda kumtazama mgonjwa wiki hii tunamwomba aache soda, amchukulie papai au mafungu mawili ya mchicha. Choo kigumu ni adhabu kubwa kwetu.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya Alasiri, hapo hapo ukumbini. Usiyeweza kufika, mpe mchango wako mwanachama yeyote unayemjua, naye atakuletea risiti. Hesabu zote zitasomwa hadharani siku mizani itakapofika.