Nitume matokeo yangu, au ningoje waulize?

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda. Nilimaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, mwaka jana. Kabla ya Desemba kwisha nilipeleka maombi ya kusomea uhandisi katika vyuo vikuu vinne vya Marekani, kupitia Common App, tovuti ya kuombea vyuo vingi kwa fomu moja. Matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yalikuwa bado, hivyo mwalimu wangu akajaza alama alizotarajia: A tatu.

Wiki hii yametoka. Fizikia A, Hisabati A, Kemia C. Kwa jumla ni pointi 18 kati ya 20. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi naitazama ile C tu. Siku ya Kemia ya vitendo rangi kwenye chupa ilipita kiasi, nikarudia mara tatu, muda ukaniishia.

Ombi ukishalituma kwa chuo hulibadilishi tena. Habari mpya hupitia ukurasa ambao chuo humfungulia mwombaji, au barua pepe. Chuo kimoja kimeandika kwamba kinazipokea, kingine hakitaki karatasi ambazo hakikuomba, viwili havisemi kitu. Majibu yao hutoka mwishoni mwa Machi, na Machi ndiyo hii.

Mjomba anasema, "Wakitaka watauliza." Lakini silali. Kukaa kimya huku nikijua wanasoma A ambayo sinayo, naona kama wizi. Tena namwogopea mwalimu. Alikaa nami jioni mbili akijaza fomu zile kwa simu yake. Nikituma C, si ataonekana mwongo? Hakudanganya! Kwenye moko, mtihani wa majaribio shuleni, Kemia nilipata A, na karatasi ninayo.

Kuna jambo jingine. Tangu Januari nawafundisha hesabu watoto wa P.7, darasa la mwisho la msingi, hapa uani, kwenye mlango mkuukuu nilioupaka rangi nyeusi. Walianza watatu, sasa ni kumi na wanne. Jambo hili halimo katika maombi yangu, nami nalipenda kuliko yote niliyoyaandika mle. Je, nilitie katika barua hiyo hiyo, au watadhani nafunika C? Nimweleze mwalimu kwanza, au nitume ndipo nimwambie? Na chuo kile kisichotaka karatasi, matokeo ya mtihani wa taifa nayo yamo katika katazo hilo?

Barua iko tayari kwenye simu, mistari kumi na miwili. Tafadhali nijibu mapema.

Msomaji wako,
Busia