Mkitoa stori za maisha ya mastaa, mtuambie na aliyeshika kalamu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaoandaa gazeti letu. Naandika kuhusu ile safu ya maisha ya wasanii na waandishi maarufu, ile mnayochukua kitabu cha staa fulani mnakifupisha mnatuletea kipande kipande. Naipenda sana hiyo safu na naomba isife. Ila kuna jambo moja mnaliruka kila mara na kwangu ni kubwa: hamsemi kitabu kiliandikwa na nani. Mnaandika tu "katika kitabu chake anasema", basi, na msomaji anabaki anaamini yule mwimbaji alijifungia chumbani na kalamu yake akatoka na kurasa mia tatu, wakati vitabu vingi vya mastaa vimeandikwa na mtu mwingine, mara nyingi mwandishi wa habari, aliyekaa na staa akamuuliza maswali, akamrekodi, alafu akaenda kuyapanga yale maneno mpaka yakasomeka.

Hilo lenyewe sio kosa hata kidogo. Mtu kapewa sauti ya kuimba, sio lazima awe kapewa na kipaji cha kuandika, na bila hao wasaidizi tungekosa stori nyingi sana za watu wakubwa. Ninachodai ni kwamba tuambiwe, kwa sababu ukijua nani alishika kalamu unasoma kwa macho mengine kabisa.

Chukua kitabu cha Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazz wa Marekani. Kilitoka mwaka 1956, na aliyeandika naye ni William Dufty, mwandishi wa habari wa New York. Kinaanza kwa kusema wazazi wake walikuwa watoto tu walipooana, baba ana miaka 18, mama 16, na yeye Billie ana miaka mitatu. Ni mwanzo unaokukamata shingo, huwezi kukiweka kitabu chini, na watu wanaurudia mpaka leo. Sasa waandishi waliokuja baadaye wakaingia kwenye nyaraka, wakakuta wale wazazi hawakuwahi kuoana kabisa, na Billie alizaliwa Philadelphia na sio Baltimore kama kitabu kinavyosema. Hapo ndo swali langu linapokuja: hiyo stori ni ya nani? Ni Billie ndo alitaka wazazi wake wakumbukwe hivyo, jambo ambalo binafsi ningelielewa kabisa kwa binti aliyelelewa kwa shida kama zile, au ni Dufty alikuwa anatafuta mwanzo wa kuuza kitabu? Dufty alichota pia kwenye mahojiano ya zamani aliyowahi kufanya Billie na magazeti, kwa hiyo humo ndani kuna maneno yaliyopita mikono mingi kabla hayajatufikia sisi. Msomaji akilijua hilo hakidharau kitabu, anakisoma kwa akili zaidi. Maana kuna mambo mle yamesimama vizuri tu: kwamba alifungwa mwaka 1947 kwa sababu ya madawa ya kulevya, na alipotoka polisi wa New York wakamnyima kibali cha kuimba kwenye kumbi zinazouza pombe. Yaani mwimbaji wa kiwango kile anaruhusiwa kuimba Carnegie Hall mbele ya maelfu lakini haruhusiwi kupanda jukwaa dogo la klabu, na klabu ndo zilikuwa mkate wake wa kila siku. Hilo nalisoma nikiwa na uhakika, na linaniuma kweli kweli.

Najua kuna watakaosema mbona hao waandishi wasaidizi wenyewe wakati mwingine hawataki kutajwa. Ni kweli. Andre Agassi wa tenisi, kitabu chake cha 2009 aliandika na J.R. Moehringer, na Agassi mwenyewe alitaka jina la mwenzake liwe kwenye kava, Moehringer ndo akakataa. Sawa, kava ni yao wapatane wanavyotaka. Lakini Agassi akamshukuru wazi mwishoni mwa kitabu na dunia nzima ikajua. Gazeti haliwi limefungwa na kava, nyie kazi yenu ni kutuhabarisha, na mtu akifungua ukurasa wa shukrani mara nyingi jina analikuta hapo hapo limekaa.

Na sisi watu wa Kiswahili hatuna sababu ya kusema hatukujua namna ya kufanya, kwa sababu mfano bora tunao nyumbani na ni wa siku nyingi. Siti binti Saad hakujua kusoma wala kuandika. Alizaliwa kijijini Fumba, Zanzibar, jina lake la kwanza Mtumwa, akauza vyungu, akaingia mjini, akawa mwimbaji wa taarab aliyetikisa pwani nzima, na mwaka 1928 akaenda Bombay na kundi lake kurekodi santuri kwa Kiswahili. Aliyeandika maisha yake ni Shaaban Robert, aliyekutana naye Siti akiwa mwishoni mwa maisha yake, Siti akafariki 1950 na wasifu ukaja kuchapishwa 1958. Na hapakuwa na kificho chochote, jina la Shaaban liko pale, wala hajifanyi yeye ni Siti. Ukisoma unasikia kabisa kwamba hapa anayeongea ni Shaaban, na mawaidha yake, na ile tabia yake ya kusimamisha stori ili akufundishe kitu kuhusu utu na juhudi, alafu anakurudisha kwa Siti. Wapo wanaosema kamsifu mno. Mimi naona kamsifu kweli, na kwa heshima aliyostahili mwanamke aliyedharauliwa kwa umasikini wake na kwa sura yake, akawajibu wanaomdhihaki kwa kuimba. Lakini hata hiyo sifa naipima vizuri kwa sababu najua inatoka kwa nani. Na Shaaban huyo huyo aliandika pia maisha yake mwenyewe kwa mkono wake, akamtaja humo mke wake Amina na msiba wa kumpoteza, akaweka na tenzi alizowatungia watoto wake, na ukivisoma hivyo vitabu viwili kwa pamoja unaona tofauti ya mtu anapoeleza ya mwenzake na anapoeleza yanayomchoma mwenyewe.

Tina Turner naye, mwimbaji wa Marekani. Kitabu chake cha kwanza cha 1986 aliandika na Kurt Loder, na nachokipendea ni kwamba Loder hakuishia kwa Tina peke yake, aliwahoji na watu wengine waliokuwa karibu naye. Kwa hiyo pale tunapofika kwenye kipigo cha miaka na miaka kutoka kwa mumewe Ike, mpaka ule usiku wa mwaka 1976 Dallas alipotoroka hotelini ana senti 36 tu mfukoni, haubaki na sauti moja peke yake. Stori nzito kama ile inayomgusa mtu mwingine aliye hai kwa wakati ule, kuwauliza na wengine ni kumlinda Tina mwenyewe, maana hakuna wa kuja kusema katunga.

Tarehe nazo jamani. Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazz, aliandika sana mwenyewe, alikuwa anasafiri na taipureta, anapiga barua na kumbukumbu zake hotelini na nyuma ya jukwaa, huyo huwezi kusema kaandikiwa. Na maisha yake yote alisema kazaliwa tarehe 4 Julai 1900. Alifariki 1971, na miaka mingi baadaye ikapatikana rekodi ya ubatizo inayoonyesha ni tarehe 4 Agosti 1901. Sidhani kama alikuwa anadanganya, watu wengi wa kizazi chake waliozaliwa kwenye umasikini hawakuwa na cheti wala mtu wa kuwaandikia siku. Lakini nyie mkikuta kitabu kinasema 1900 na rekodi inasema 1901, si mstari mmoja tu mnaongeza, msomaji apate vyote viwili?

Kisha kuna yale yasiyosemwa, na hapa naomba muwe makini zaidi. Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu, kitabu chake cha 1964 aliandika mwenyewe, na zile kurasa za utoto wake London ni za kukufanya usimame uvute pumzi: mama yake mwimbaji wa majukwaani anapoteza sauti, kisha anapoteza akili, watoto wanapelekwa kwenye nyumba ya masikini. Anakumbuka kila kitu. Lakini akifika kwa mke wake wa pili anasema tu kwamba wana watoto wawili wakubwa anaowapenda kwa hiyo hataingia kwenye mambo hayo, anaendelea na safari. Jina la huyo mke hulioni. Alimuoa akiwa binti wa miaka 16, Chaplin ana 35, wakaja kuachana kwa kesi iliyojaa magazetini. Mimi namheshimu baba anayetaka kuwasitiri wanawe, hilo silikatai. Ila nyie mkifupisha kitabu hicho kwenye safu yenu mkaruka kimya kimya kama alivyoruka yeye, mnakuwa mmesaidia kumfuta mtu mara ya pili, na yule binti naye alikuwa na maisha, naye alikuja kuandika upande wake. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, yeye alilitatua kwa njia yake, aliagiza mambo yake kamili yasitoke mpaka ipite miaka mia baada ya kifo, akafariki 1910 na juzuu la kwanza la toleo kamili likatoka 2010, eti ili aongee kwa uhuru bila kumuumiza aliye hai. Wachache wana subira hiyo.

Anayejiandikia mwenyewe kwa umakini anakupa kitu ambacho msaidizi hawezi kukipata hata awe hodari vipi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, kwenye kumbukumbu zake za shule alizozitoa 2012 anaeleza alivyorudi likizo ya kwanza kutoka shule ya bweni ya Alliance, Kenya, mwaka 1955, kijana mdogo na furaha yake ya kwenda kumuona mama, anafika anakuta kijiji hakipo. Nyumba zimebomolewa, watu wamehamishwa na serikali ya kikoloni, kimebaki kiwanja tu. Alikuwa na zaidi ya miaka 70 alipoyaandika hayo, na hapayuki, hatukani, anakuelezea alichokiona akiwa amesimama pale kama mwanafunzi, hasira unaisikia wewe unayesoma. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeandika riwaya maisha yake yote na anajua pa kunyamaza.

Na Miriam Makeba ana vitabu viwili, na hili mngelifanyia makala peke yake. Cha 1988 aliandika na James Hall akiwa bado uhamishoni, cha 2004 na Nomsa Mwamuka akiwa amesharudi Afrika Kusini. Maisha ni yale yale, mama yake anafungwa jela kwa kupika pombe Miriam akiwa na siku 18 tu duniani na anaingia naye huko huko, kisha 1960 yuko Marekani anapata habari mama kafariki, anaenda ubalozi mdogo ashughulikie safari ya kwenda kumzika, pasipoti yake inapigwa muhuri wa batili, mlango ukafungwa mpaka 1990. Lakini mtu anayesimulia hajui kama atarudi kwao, na mtu anayesimulia kesharudi kwao, hawawezi kusimulia sawa, na aliyekaa mbele yake na kinasa sauti naye anauliza maswali tofauti. Mkituambia tu "Makeba anasema" bila kutaja ni kitabu gani, cha mwaka gani, na alikuwa anaongea na nani, mnakuwa mmechanganya watu wawili mkatupa mmoja.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni dogo na halina gharama. Juu ya kila makala ya safu hiyo wekeni mistari miwili: aliyesimulia ni nani, aliyeandika ni nani, kitabu kilitoka mwaka gani. Kama kuna jambo ndani ya kitabu ambalo nyaraka zinalipinga, semeni hapo hapo lilipotokea msilifiche mwishoni. Kama kuna mtu ametajwa kwa ubaya na naye aliwahi kutoa maelezo yake, yapeni hata aya moja. Na kama kitabu kimetafsiriwa, mtafsiri naye atajwe, maana yale maneno matamu tunayoyasoma kwa Kiswahili ni ya kwake.

Na kama mnatafuta wa kuanza naye kwa utaratibu huu mpya, basi Siti na Shaaban Robert wanawasubiri, kitabu chenyewe kiko kwa Kiswahili tayari na vijana wengi ninaoongea nao wanalijua jina la Siti lakini hawajawahi kukiona.

Msomaji wenu wa siku zote.