Barua kwa Mama: kigari cha wajukuu zako

London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo kwa rehema za Mwenyezi Mungu, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali nasi. Baba watoto anakuamkia, na wajukuu zako wote wawili ni wazima. Tumefurahi mno kusikia kwamba tiketi yako imekwisha kukatwa, na mkubwa huuliza kila asubuhi kama leo ndiyo siku ya Bibi.

Katika simu uliniuliza kwa nini tunahangaika na habari ya kigari cha kusukumia watoto ilhali wewe ulitulea sote kwa kanga mbili na mgongo wako. Sikuweza kukujibu vizuri kwa sababu mdogo alikuwa analia, nami sikupenda swali lako lipite hivi hivi. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, kwa kuwa nitakaporudi kazini wewe ndiwe utakayetoka na watoto mchana, na kitu atakachokisukuma mama yangu siwezi kukinunua bila yeye kukijua.

Nyumba yetu iko ghorofa ya pili na jengo halina lifti. Kigari hakiruhusiwi kuachwa chini kwenye ujia, kwa sababu ujia ule ndio njia ya kutokea watu moto ukizuka, na mwenye nyumba huondoa kila kinachowekwa pale. Maana yake ni kwamba kila mkitoka na kila mkirudi, kigari kitapanda na kushuka ngazi pamoja nanyi. Vigari vingi vya watoto wawili vinavyosifiwa huku vina uzito wa kilo 14 au 15, navyo ni vizuri kweli. Kuna kimoja kinachoitwa Nipper, cha magurudumu matatu yenye upepo, ambacho hupita kwenye nyasi na mawe bila kutikisa mtoto, na laiti tungekaa nyumba ya chini ningekichukua bila kufikiri mara mbili. Lakini kilo 14 za chuma, na mtoto begani, na mwingine wa miaka mitatu anayetaka kushikwa mkono, juu ya ngazi nyembamba, ni jambo ambalo siwezi kumwachia mwanamke yeyote, seuze wewe na bega lako lile.

Hapo ndipo kanga yako inapoingia, Mama, na nataka ulisome hili kwa makini. Sikuiacha kanga. Nimetafuta kigari chepesi ili kanga ifanye kazi yake: ukifika mlangoni chini, unambeba mdogo mgongoni kama ulivyotubeba sisi, unakikunja kigari, mkubwa anapanda mbele yako huku ameshika reli ya ngazi, nawe unafuata na kigari mkono mmoja. Kwa mpango huo kigari kisizidi kilo 12, na vya uzito huo vipo, vile vinavyojikunja kama mwavuli na kuwa mzigo mrefu mwembamba.

Aliyebuni kigari cha namna hiyo ni Mwingereza aitwaye Owen Maclaren, mhandisi aliyeshughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire. Baada ya kustaafu aliona jinsi vigari vya wakati wake vilivyokuwa vizito, akachukua ujuzi wa mabomba mepesi ya alumini na viungo vinavyokunjika, na mwaka 1965 akaomba hataza, yaani haki ya mbunifu, ya kigari cha mtoto mmoja chenye uzito wa kama kilo 3 tu. Vya watoto wawili tunavyoviona leo ni kama viwili vya aina ile vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu. Nimeona nikueleze haya kwa sababu ukikiona utadhani ni kitu dhaifu, na si hivyo.

Kuna vigari vya namna mbili. Vya kwanza humweka mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma. Ni vyembamba, hupita popote, lakini ni virefu, na kila ukifika ukingo wa njia ya waenda kwa miguu lazima ukandamize vishikio kwa nguvu ili uinue uzito wote ulio mbele. Tena mtoto wa nyuma haoni kitu ila mgongo wa kiti cha mwenzake, na mjukuu wako mkubwa hatakubali hilo hata kwa dakika tano. Vya pili huwaweka pamoja, ubavu kwa ubavu, na ndivyo nilivyovichagua. Kasoro yake ni upana wa karibu sentimita 75. Milango ya ndani ya nyumba za huku, iliyo mingi, ni ya sentimita 76, na bawaba na fremu hula kidogo, kwa hiyo kigari wazi hakitapita vyumbani. Kitafunguliwa na kukunjwa kwenye mlango mkubwa wa jengo, ambao nimeupima na unatosha. Madukani kitapita, ila katika soko la Queen's Market, ambako najua utataka kwenda ukishasikia kwamba kuna mihogo, bamia na samaki, baadhi ya njia kati ya meza ni za kubanana, hasa Jumamosi. Nendeni siku za kazi asubuhi.

Sasa jambo la basi, ambalo ndilo lililonifanya nikatae vigari vingine vyote visivyokunjika upesi. Katikati ya basi kuna nafasi moja ya wazi. Kigari kinaweza kukaa pale bila kukunjwa, lakini nafasi ile ni ya mtu wa kiti cha magurudumu kwanza, na akija, mwenye kigari humpisha. Mwaka 2012 Bwana Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu, alitaka kupanda basi la kutoka Wetherby kwenda Leeds, akakuta mama mmoja ameweka hapo kigari chenye mtoto aliyelala. Dereva alimwomba mama yule apishe, akakataa, akisema kigari chake hakikunjiki, na Bwana Paulley akabaki kituoni. Kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo mnamo Januari 2017 iliamua kwamba haitoshi dereva kuomba mara moja kisha kunyamaza. Akiona mtu anakataa bila sababu ya haki, ni juu yake kufikiria kumsisitiza zaidi, hata kwa kulisimamisha basi kwa dakika chache. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa haki kabisa. Nisingependa mama yangu na wanangu wawe sababu ya mtu mwenye ulemavu kuachwa kwenye baridi, wala nisingependa ukodolewe macho na basi zima huku unahangaika na bawaba usiyoijua. Basi ukisikia hodi ya kiti cha magurudumu: mdogo mgongoni, mkubwa kitini, kigari kikunje. Ndiyo maana dukani nilikikunja na kukikunjua mara nyingi kwa mkono mmoja huku mwingine umemshika mtoto, hadi muuzaji akaja kuuliza kama nahitaji msaada.

Treni za chini ya ardhi uziache mpaka twende pamoja. Kati ya vituo 272 vya reli hiyo, vinavyofikika bila kupanda ngazi ni kama theluthi moja tu, na cha kwetu hakimo.

Kuna mambo ya usalama ambayo nakuomba uyashike. Mwaka 2009 nchini Marekani kampuni ya Maclaren ilitangaza kasoro ya karibu vigari vyake milioni moja, baada ya kuripotiwa watoto 12 waliokatwa ncha za vidole na bawaba za pembeni wakati kigari kinafunguliwa. Bawaba za sasa hufunikwa, lakini desturi ya kuwaweka watoto mbali wakati wa kufungua na kukunja ibaki ile ile, kigari chochote kiwacho. Mkanda ni wa ncha tano, mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, na hufungwa hata kwa safari ya kufika duka la jirani. Mifuko ya sokoni isining'inizwe kwenye vishikio, kwani ukimtoa mtoto tu, kigari chepesi huanguka chali pamoja na aliyebaki ndani. Vitu vyote viwekwe kwenye kikapu cha chini. Na siku ya jua usifunike kigari kwa kanga wala shuka ili mtoto alale, hata kama ni nyepesi kiasi gani, maana joto la ndani hupanda upesi na hewa haizunguki. Kivuli cha kigari chenyewe kinatosha.

Nimeangalia pia uzito wa watoto. Kanuni za Ulaya zina sehemu ya vigari vya watoto wasiozidi kilo 15, na tangu mwaka 2018 sehemu nyingine ya hadi kilo 22. Mkubwa anakaribia kilo 15, hivyo viti lazima viwe vya hiyo ya pili. Mdogo naye hajatimiza miezi sita, na kiti chake lazima kilale karibu sawa na kitanda, kwa sababu shingo na mgongo wake bado ni laini.

Usije ukaniambia nikipeleke Tanga watoto wakikua. Magurudumu yake ni madogo, na mchanga wa Ngamiani utayameza kabla hujafika barabara ya lami.

Nimebakiwa na viwili. Kimoja kina kilo 10, ila vishikio vyake haviinuki wala kushuka. Kingine kina kilo 12 na vishikio vyake hurekebishwa. Kwa mikono yangu cha kwanza kinatosha kabisa, lakini wewe ni mrefu kuliko mimi, na ukisukuma umeinama kila siku, mgongo utakuuma kabla ya wiki kwisha. Naomba mdogo wangu akupime kwa futi kamba ya cherehani, ukiwa umevaa viatu utakavyosafiri navyo, kutoka chini hadi kwenye kiwiko ukiwa umekunja mkono, kisha anitumie kipimo hicho kabla ya Ijumaa, kwa kuwa duka limekubali kuniwekea vyote viwili mpaka Jumamosi.

Wasalimie wote nyumbani na majirani.

Wasalaam,
Mwanao akupendaye