Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: TV za chogo zinunuliwe zikiwa nzima

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa TV hapa Mbagala, Dar es Salaam. Kazi hii nimeianza enzi za antena zilizofungwa kwenye bomba juu ya bati, na leo nakuandikia kuhusu TV 14 za chogo zilizopangana nyuma ya kibanda changu. Wenyewe waliziacha. Walizileta kutengeneza, wakasikia bei ya kipuri, wakaenda kununua TV bapa na hawakurudi.

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi walidhani TV hizi zimefika mwisho. Wapi! Watu walinunua ving'amuzi, wakachomeka waya wa njano, mwekundu na mweupe, maisha yakaendelea. Zinakufa sasa, mojamoja, na kila inayokufa inamhangaisha mwenye nyumba: haitengenezeki, haiuziki, na gari la taka likipita vijana wanakataa kuibeba.

Kinachofuata nakijua kwa sababu kinatokea mbele ya macho yangu. Kijana wa skrepa anaichukua kwa hela ya soda, anaipeleka kando ya mtaro, anaivunja shingo ya kioo kwa jiwe na kuchomoa koili ya kopa. Nyaya anazichoma ili plastiki iishe, na ule moshi mweusi tunauvuta sote mtaani. Kopa inakwenda kwenye mizani. Kioo kinabaki mtaroni, watoto wanaokota vipande na kuchezea, masika ikija maji yanakokota vilivyobaki hadi bondeni kwenye bustani za mchicha.

Kioo hicho, Mheshimiwa, si sawa na cha dirisha. TV ya chogo ikiwaka, umeme mkali hurusha elektroni zigonge kioo cha mbele, na hapo huzaliwa mionzi ya eksirei. Ili mtazamaji asidhurike, viwanda vilichanganya madini ya risasi ndani ya kioo, hasa kile cha nyuma chenye umbo la faneli. TV moja huweza kubeba zaidi ya kilo 1 ya risasi. Ikiwa nzima haina neno, unaweza kulala nayo chumbani miaka 20. Ikivunjwa, vumbi lake linaingia kwenye udongo na mikononi mwa watoto. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Hata bapa za mwanzo, zile zilizokuja kabla ya taa za LED, zina vijitaa vyembamba vyenye zebaki nyuma ya kioo. Hizo nazo zimeanza kufika kwenye mtaro uleule.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni za taka za kielektroniki ni za 2021. Tumo pia kwenye Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka zenye sumu, ambao tangu tarehe 1 Januari 2025 unataka taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka kabla nchi inayopokea haijaridhia. Hayo ni mambo makubwa na nashukuru yapo. Lakini yanamtazama mwenye kampuni, kibali na lori. Mwenye guta hayamfikii. Nilipojaribu kufuata utaratibu nilipiga simu ofisi moja, nikaulizwa nina tani ngapi. Nikasema nina TV 14. Nikaambiwa nisubiri, nitapigiwa. Masika mbili zimepita.

Naomba jambo moja. Kopa ina bei, kioo chenye risasi hakina. Ndiyo maana kijana anavunja: kwake ile TV ni ganda tu, kiini ni koili. Kumkamata hakutamaliza shida, maana kesho atavunja usiku. Wekeni bei ya TV nzima, isiyovunjwa, iwe juu ya ile anayopata kwa kuuza kopa yake. Ataileta mwenyewe, tena kwa uangalifu kama anayebeba mayai. Fedha zitoke kwa waingizaji wa TV mpya: ada ndogo kwa kila moja inayoshuka bandarini, itunzwe kwa kazi hiyo tu.

Kituo cha kupokelea kiwe karibu, hata kontena kwenye ofisi ya kata, kisha wenye vibali wazikusanye kutoka hapo. Nasi mafundi tupeni nafasi ya kuwafundisha hao vijana. Wengi hawajui kwamba TV iliyochomolewa bado inaweza kuwa na umeme ndani ya kioo, wala kwamba kioo kisicho na hewa kikivunjika hulipuka na vipande kuruka usoni. Nimewafunga vidonda zaidi ya mmoja.

TV zangu 14 bado ziko palepale, nzima, nimezifunika turubai. Siku nikiambiwa pa kuzipeleka, guta nitalilipia mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi TV, Mbagala